Barua kwa mwanangu aliyeingia kikundi cha huduma ya kwanza

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimefurahi kusikia umejiandikisha kwenye kikundi cha huduma ya kwanza hapo skuli. Nusu ya kazi yenyewe, utaona, ni kuwazuia watu. Kila aliyeumia huzungukwa na wenye dawa zao mikononi.

Anza na kuungua, maana watu wa dakhalia hawakosi chai ya moto. Mtu akimwagikiwa, mvue bangili na pete kabla hajavimba, kisha jeraha liwe chini ya maji ya mfereji dakika 20. Mfereji ukiwa mkavu, chota kwa kata umwagie polepole. Baada ya dakika tano maumivu yatapungua na mgonjwa atasema basi. Usimsikilize, kwa kuwa joto lililoshaingia chini ya ngozi huendelea kuunguza nyama hata juu pakipoa. Barafu hapana. Dawa ya meno na unga wa ngano navyo hapana: haviponyi, vinaficha jeraha, na hospitali italazimika kuvikwangua. Nguo iliyogandana na ngozi iache ilivyo. Mwisho laza juu yake mfuko wa plastiki safi, bila kuukaza.

Msimu wa karafuu una lake. Tawi la mkarafuu hukatika ghafla, na mchumaji akianguka wenzake humnyanyua kwa makwapa wamkalishe, wampe maji. Yote mawili ni makosa. Mfupa wa shingo au mgongo ukiwa umevunjika, kule kumkalisha kunaweza kuukata uti, naye asitembee tena. Maji nayo, akihitaji kupasuliwa, yatawachelewesha madaktari. Piga magoti nyuma ya kichwa chake, tuliza viwiko vyako chini, shika kichwa kwa mikono miwili kama ulivyokikuta, na umwambie asitikise shingo. Ukishakishika hukiachi mpaka mwenzako akupokee. Akitapika, mgeuzeni ubavu watu wanne kwa pamoja, kama gogo, na anayehesabu ni aliyeshika kichwa. Kumbebea, ubao wa mlango unafaa. Pikipiki haifai kabisa.

Aliyezama baharini hakosi wa kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Mzuie huyo, kwani yatakayotoka ni matapishi, na yataingia mapafuni. Asiyepumua kwa kuzama amekosa hewa, basi anza na pumzi tano za mdomo kwa mdomo, ndipo ukandamize kifua mara 30, pumzi mbili, 30 tena. Kwa mtu mzima kifua kibonyee sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mkono huchoka bila mwenyewe kujua na kina kinapungua, kwa hiyo pokezaneni kila dakika mbili.

Damu ya pua: kichwa kiinamishwe mbele, ubane sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuchungulia. Kifafa: usitie kijiko mdomoni, tazama saa; kikipita dakika tano, hospitali. Damu ya mtu yeyote, hata ya rafiki yako, uiguse kwa glavu, na kama hakuna, vaa mfuko wa plastiki mkononi.

Na sitara, mama'angu. Mtoto wa kike akilazimika kufunguliwa nguo, wawili washike kanga iwe pazia, na wavulana wageuke. Jambo hili watu husahau, kisha mgonjwa anakataa kusaidiwa.

Nimekuwekea doti moja ya kanga kuukuu kwenye begi. Kila kipande nimekikata mraba wa mita moja, kisha nikaupasua kona kwa kona, kwa hiyo una bendeji nne za pembetatu za kuning'inizia mkono. Fundo likae pembeni ya shingo, lisikae juu ya mfupa wa kisogo, na kiganja kiwe juu kidogo ya kiwiko. Ukimaliza kufunga, bonyeza kucha yake iwe nyeupe. Isiporudi rangi kwa sekunde mbili, umekaza mno, legeza.

Mama'ko anakusalimu.

Baba'ko