Tovuti ipangwe kwa vijenzi kabla ya kuandikwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie upangaji wa tovuti, kwa kuwa wengi wetu tunaozitengeneza bado tunaandika ukurasa mzima kuanzia juu hadi chini, kisha tunaunakili ili kupata ukurasa wa pili. Hivyo kitufe kilekile huandikwa mahali pengi, na siku kinapotakiwa kubadilishwa, hapakosi pa kusahaulika.

Dawa yake ni vijenzi, yaani vipande vinavyojitegemea, kama vile kitufe, vinavyoandikwa mara moja na kutumika tena popote. Wazo la kuunda programu kwa vijenzi si geni. Mtaalamu wa kompyuta Douglas McIlroy alilitetea mwaka 1968 katika mkutano wa Garmisch, Ujerumani, na React, zana ya kuundia kurasa iliyotolewa kwa umma mwaka 2013, imelieneza sana miongoni mwa waandishi wa violesura, yaani sehemu za programu anazoziona na kuzitumia mtu. Nyenzo basi zipo. Kinachopungua ni subira ya kuchora kwanza.

Chukua ukurasa wa kutafutia vitabu vya maktaba. Humo mna kisanduku cha kutafutia, orodha ya matokeo, na ndani ya orodha kadi ya kila kitabu yenye alama ya kuonyesha kama kipo au kimeazimwa. Ukishaizungushia mstari kila sehemu, swali gumu ndipo linapojitokeza: maneno anayoandika msomaji yatunzwe wapi? Kwa kuwa kisanduku kinayaonyesha na orodha inachujwa kwayo, hayana budi kukaa katika kijenzi kinachovibeba vyote viwili. Uamuzi huo ni rahisi kwenye karatasi, lakini ni ghali kuubadilisha msimbo (maandishi ya programu) ukishaandikwa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaounganisha kila kinachofanana. Kadi ya kitabu na kadi ya mwanachama zaweza kuwa na picha, jina na maelezo kwa mpangilio uleule, lakini moja itahitaji kitufe cha kuazima na nyingine tarehe ya kumalizika kwa uanachama. Ukizilazimisha kuwa kijenzi kimoja, kitajaa masharti ya "kama ni kitabu" na "kama ni mtu" hadi asiwepo wa kuthubutu kukigusa. Ningeshirikisha fremu tu, yaani umbo la nje la kadi, na yaliyomo nikayaacha mbalimbali. (Hata jina huonya: kijenzi unachoshindwa kukipa jina la kazi yake huenda kimekatwa vibaya.)

Nawaomba walimu wa programu wampe mwanafunzi picha ya ukurasa iliyochapishwa pamoja na penseli, aigawe na kuutetea mgawanyo wake mbele ya wenzake, kabla ya kumruhusu afungue kompyuta.

Wako,
Mtengenezaji wa tovuti