Waliomo kwenye filamu hawajaiona filamu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipokuwa nikifundisha darasa la tatu, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia. Lakini taarifa yenu ya tuzo za uhalisia pepe, yaani filamu zinazotazamwa kwa kuvaa miwani, kule Venice, Italia, ile iliyochukua nusu ukurasa pamoja na picha ya watu waliovaa miwani mikubwa myeusi, nimeshindwa kuinyamazia.

Mwandishi wenu ametueleza nani kashinda na nani kapigiwa makofi. Ametueleza kwamba filamu hizi humchukua mtazamaji zikamtia katikati ya maisha ya watu wa mbali, mpaka akawaonea uchungu kama ndugu zake. Akaziita mashine za huruma, neno alilolitangaza mtengeneza filamu Mmarekani Chris Milk jukwaani mwaka 2015 na ambalo tangu hapo limerudiwa mno. Swali moja tu hakuuliza: hao watu wa mbali, wenye maisha yenyewe, wao wameivaa miwani hiyo lini? Mimi ni mmoja wa hao watu wa mbali. Naomba nafasi nimjibu.

Agosti 2018 walifika wageni kijijini kwetu, pwani ya Mkinga, kurekodi filamu ya wanawake wanaolima mwani. Walikuwa wanne na dereva. Kwa kuwa nilikwisha kustaafu na Kiingereza changu bado kipo, niliombwa niwe mkalimani, nikaifanya kazi hiyo siku tatu. Kamera yao haikuwa kama tulizozizoea. Ilikuwa tufe lenye macho pande zote, limesimamishwa juu ya mguu mmoja katikati ya vigingi vya mwani, maji yakiwa yamekupwa. Kwa sababu linaona mbele, nyuma na ubavuni kwa wakati mmoja, wenye kamera hawawezi kusimama karibu nalo bila kuingia kwenye picha. Likiwashwa tu, walikimbilia kwenye mikoko kujificha, na mimi pamoja nao, tukawaacha kina mama peke yao na lile tufe. Waliambiwa wasiliangalie. Aliyekuwa karibu nalo kuliko wote alikuwa shangazi yangu, mdogo wake marehemu baba, miaka 72, ameinama anafunga taitai, zile nyuzi za kushikia mwani, kwenye kamba huku anaimba.

Kabla ya kazi kulikuwa na fomu ya ridhaa, kurasa mbili za Kiingereza. Niliitafsiri kwa sauti chini ya mkungu, mstari kwa mstari, wanawake 19 wakinisikiliza. Mstari mmoja ulisema kwamba filamu ikikamilika, wahusika wataonyeshwa. Shangazi akaniuliza, “Tutaonyeshwa hapa hapa, mwanangu, au mpaka Tanga mjini?” Nikawauliza wageni. Wakasema hapa hapa. Nikamwambia, “Hapa hapa, shangazi.” Akaweka dole gumba.

Mwaka uliofuata nikaletewa ujumbe kwamba filamu imepata tuzo katika tamasha moja la Ulaya. Kulikuwa na picha ya kijana yule mkubwa wao, ameshika tuzo, anacheka. Niliwaonyesha kina mama ile picha kwenye simu, wakapiga vigelegele, kisha wakauliza filamu yenyewe inakuja lini. Nikaandika kuuliza. Nikajibiwa kwa linki. Nikaifungua, ikanitaka niwe na miwani. Nikaandika tena, nikaambiwa bajeti ya mradi imefungwa. Nikaandika mara ya tatu, nikaambiwa mhusika hayupo tena kazini. Na kila bamvua, maji yanapokupwa sana na wanawake wanapoteremka pwani, shangazi alikuwa akinisimamisha njiani: “Wale watu wako vipi?” Watu wangu! Wageni walipanda gari lao wakaenda zao, ahadi ikabaki imenikwama mimi, kwa sababu Kiingereza hakikusikika pale chini ya mkungu. Iliyosikika ni sauti yangu, kwa Kiswahili, ikimwambia mwanamke mzima hapa hapa. Shangazi alifariki Machi 2021. Alikuwa hajaona hata kipande. Desemba 2022 mpwa wangu anayefanya kazi Muscat alikuja likizo na miwani yake ya uhalisia pepe, nikasema sasa angalau waliobaki wataona. Tukanunua bando, tukakusanyika sebuleni kwangu wanawake 11, tukahangaika tangu baada ya adhuhuri hadi magharibi. Programu iliyokuwa na filamu yetu ilikuwa imekwisha kuondolewa. Tulichokipata ni kionjo cha dakika mbili kwenye simu, picha imelazwa bapa, unaisukuma kwa kidole upande huu na huu. Shangazi anapita pembeni kwa muda wa kufumba na kufumbua, kanga ya kijani, mgongo tu, na wimbo wake wamefunika kwa muziki wa kinanda. Ili kina mama wasiondoke mikono mitupu, mpwa wangu akawavalisha miwani mmoja mmoja akawaonyesha nyangumi wa bahari ya mbali. Wanawake waliozaliwa baharini, bahari yao imerekodiwa na imepata tuzo, wakaonyeshwa bahari ya watu wengine.

Baada ya hapo nilianza kufuatilia mambo haya, na ndiyo maana taarifa yenu ilinichoma. Mashindano ya Venice yalianza mwaka 2017. Filamu huonyeshwa kwenye kisiwa kidogo kiitwacho Lazzaretto Vecchio, kando ya Lido, kisiwa lilipo tamasha lenyewe, mahali ambapo tangu karne ya 15 watu wa Venice walikuwa wakiwatenga wagonjwa wa tauni. Mtu huvuka kwa boti, huweka miadi, huvalishwa miwani yake peke yake, akimaliza anampisha mwingine. Kwa hiyo hata huko kwenyewe wanaoona ni wachache, na kazi nyingi zikitoka hapo ni shida kuzipata tena. Vifaa vyenyewe havidumu: miwani ya Oculus Go ilitoka mwaka 2018, kufikia mwaka 2020 ikaachwa kuuzwa. Oculus Story Studio, studio ya filamu ya kampuni hiyo hiyo, walitunukiwa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 2016 kwa filamu ya miwani, mwaka uliofuata studio ikafungwa. Haya ni mambo ambayo mwandishi wa habari angepaswa kuyaweka mezani anapotuambia kwamba dunia imeoneshwa maisha ya fulani. Dunia ipi? Miwani ya bei nafuu ya kampuni ya Meta iliuzwa Marekani kwa dola 299 ilipotoka mwaka 2024. Mwani mkavu kwetu ulikuwa ukinunuliwa chini ya shilingi 1,000 kwa kilo. Mama wa kijijini angehitaji zaidi ya kilo 700 ili ajinunulie ruhusa ya kujiona.

Nisieleweke vibaya. Siichukii sanaa hii. Mwaka 2019, Joel Kachi Benson wa Nigeria alipata tuzo ya hadithi bora ya uhalisia pepe pale pale Venice, kwa filamu yake juu ya mama wa Chibok, kule ambako wasichana 276 walitekwa shuleni Aprili 2014. Mwafrika amekwenda kwa mama wa Kiafrika, amewasikiliza, ameshinda. Mwandishi wenu angeweza kumkumbuka japo kwa sentensi moja badala ya kutuorodheshea wageni waalikwa. Naamini kabisa kwamba kuna jambo la kweli mtu hulipata akisimama, kwa njia ya miwani, katikati ya uwanja wa mama aliyepotelewa na mwanawe. Ninachokataa ni huruma iwe ya kwenda tu, isirudi kwa wenyewe.

Na tabia hii haiko kwa watu wa kamera peke yao. Kijijini kwetu wanapita watafiti kila msimu. Wanakuja na madodoso ya kurasa kumi, wanauliza kotonii, aina ya mwani tunaoulima, inakufaje maji yakipata moto, kamba ngapi, watoto wangapi, choo cha aina gani. Wanapima maji, wanakata vipande vya mwani wanatia kwenye mifuko. Nimewakalimani wengi na sijapata kuona hata karatasi moja ya matokeo ikirudi ofisi ya serikali ya kijiji. Mama anayeulizwa kwa nini mwani wake unakufa ndiye wa mwisho kuambiwa kwa nini mwani wake unakufa, kama anaambiwa. Nimewahi kumuuliza kijana mmoja wa chuo akanijibu kwamba matokeo yapo mtandaoni. Nilikwisha kuujua mtandao huo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Vugiri, milimani Korogwe. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliweka pale mradi wa filamu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la sinema za kuelimisha Waafrika. Walirekodi filamu wakitumia watu wa huku huku, kisha wakazipakia kwenye lori pamoja na mashine na kitambaa cheupe, wakazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Babu alituhadithia jinsi watu walivyokaa chini usiku, wengine wakatambua sura za majirani zao pale kwenye kitambaa, wakawaita kwa majina. Siwasifu wakoloni. Filamu zile zilijaa dharau, zilitufundisha kunawa na kuweka akiba kama watoto wadogo. Lakini lori lilirudi. Zaidi ya miaka 80 kabla ya lile tufe kufika kwetu, kwa barabara za wakati ule, lori lilipanda milima likarudi kwa watu.

Kwa hiyo nina pendekezo, na naomba ulichapishe lilivyo ili liwafikie wanaosimamia tuzo hizi, Venice na kwingineko. Filamu yoyote ya watu halisi isipokelewe kwenye mashindano bila karatasi yenye muhuri wa kijiji au mtaa, imesainiwa na mtendaji, ikithibitisha kwamba waliorekodiwa wameiona, kwa tarehe, na wangapi. Wasiojua kuandika waweke dole gumba, kama walivyowekeshwa kwenye ridhaa. Maneno yawe kwa lugha ya wenyewe, na wimbo wa mtu usifunikwe na kinanda. Nakala moja ya filamu ibaki shule ya msingi, ndani ya kifaa chenyewe, isiyohitaji bando.

Na wale waliokuja kwetu, kama bado wako kwenye kazi hiyo na mtu wao anasoma Kiswahili, waje. Hatuwadai fedha. Waje na miwani minne iliyochajiwa, yenye mkanda mrefu wa kupita juu ya ushungi. Wasije Ijumaa. Waje siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, kwa sababu bamvua kina mama wako pwani toka alfajiri na hawana nafasi ya mtu. Tutatumia darasa la pili lenye madirisha ya mbao, maana mpwa wangu alinieleza kwamba jua likipenya kwenye lenzi za miwani huunguza kioo cha ndani. Walioweka dole siku ile wamebaki 16. Wa kwanza kuvaa atakuwa binti yake shangazi, na amekwisha kuniambia atavaa akiwa amekaa kitini, kwa kuwa akigeuka akamkuta mama yake yuko nyuma yake, hajui miguu itamshika vipi.

Mwalimu mstaafu,
Mkinga, Tanga