Barua kwa mpwa wangu anayechora miji isiyokuwepo

Mpwa wangu,

Michoro yako imefika. Nimeitandaza mezani nikaitazama mmoja mmoja, na kabla sijakosoa nikwambie: mkono unao. Ninachotaka kubishana nawe ni namna unavyosoma.

Chukua Armilla. Katika kitabu cha mwandishi Mwitaliano Italo Calvino cha mwaka 1972, ambamo Marco Polo anamsimulia Kublai Khan miji 55, yote ikiwa na majina ya kike, Armilla ni mji usio na kuta, dari wala sakafu. Yapo mabomba ya maji tu, yamesimama wima pale nyumba zilipostahili kuwa na kutandaa pale ghorofa zilipostahili kuwa. Wewe umeuwekea kuta. Za penseli iliyofifia, sawa, lakini ni kuta. Najua kisa chake: bomba lililosimama peke yake hewani lilikutia wasiwasi, ukaona heri liegemee kitu. Basi wasiwasi huo ndio mji wenyewe. Zifute.

Octavia, mji mwingine wa kitabu hicho, umeupatia, kwa sababu ulianza na kamba. Mji ule unaning'inia kati ya milima miwili juu ya korongo, na wavu ndio njia, ndio na msingi. Ulipokwisha kuamua kamba zifungwe wapi, nyumba zikajipanga zenyewe chini yake. Hapo ulisoma kama fundi.

Sasa nina kazi ngumu zaidi. Nataka unichoree Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, kama ulivyo katika shairi la Al-Inkishafi. Sisemi magofu yanayoonekana leo kisiwani, yaliyozungukwa na mashamba ya tumbaku. Nasema Pate ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga mwanzoni mwa karne ya 19, fahari ya mji ikiwa imekwisha kupita.

Utakachokiona kwanza ni kwamba hakupi ramani. Hakupimii ukuta wa mji wala hakuhesabii mitaa. Anakuingiza ndani moja kwa moja: taa za kioo na za shaba zinazofanya usiku uwe kama mchana, vyombo vya kichina, vitanda, mito ya kijani iliyotiwa nakshi, watu wanaopepewa hadi walale. Mchoraji aliyezoea kuanza na mnara na bandari atakwama hapo hapo. Mji huu unachorwa kutoka ndani kwenda nje.

Na inawezekana, maana nyumba kongwe za mawe za visiwa vile zina kipimo chao. Dari ni nzito, ya mawe na chokaa, inabebwa na boriti za mkoko, na boriti hizo ukizirefusha kupita kama mita 3 zinapinda. Kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake umeshaamuliwa na mti. Ukilijua hilo umeshapata nusu ya mchoro: daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha vyumba vyembamba vimepangana kimoja nyuma ya kingine: mbele msana, yaani sebule, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani. Mwanga unaingilia kiwandani, na kila hatua uendayo ndani unapungua. Ndiyo maana sikubaliani na wanaozisoma taa za mshairi kama majivuno ya matajiri tu. Bila taa, chumba cha ndani kabisa chenye vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ukuta mzima na sahani zake ungekikuta giza. Chora giza kwanza, halafu uwashe.

Ukimaliza, weka juu yake karatasi ya kunakilia na uchore mji ule ule ulioanguka. Usisogeze hata mstari mmoja wa ukuta. Mshairi mwenyewe alifanya hivyo: vidaka vya sahani ni vile vile, ila sasa wamelala makinda ya ndege, ndani ya nyumba kunavuma mende, kumbini wanalia ngende, yaani nyenje, juu wananing'inia popo, na bundi anakoroma katikati. Wapangaji ndio waliobadilika. Nakuomba sana usinichoree tao lililopasuka lenye mizizi inayoning'inia. Hiyo imejaa kwenye kalenda za watalii, na haihitaji mtu aliyesoma shairi.

Vipimo visikutishe. Chukua sahani ya jikoni kwenu, ipime, uchore kidaka cha kuitosha. Vidaka vinakupa ukuta, ukuta unakupa chumba, boriti inakupa upana, na kutoka hapo unatoka nje polepole mpaka mlangoni. Ukifika barabarani, fanya nyembamba. Nyumba zenyewe ndizo zinazotazama ndani. Barabara imebaki na migongo yao.

Mama yako ataniuliza kwa nini nakupa kazi na mitihani iko karibu. Mwambie nimesema usubiri likizo. Armilla peke yake ndiyo isiyosubiri, maana kufuta hakuchukui muda.

Mjomba wako