Kijani Kilichokutisha na Cheupe Usichokijua

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, mkwe wangu, na huyo mume wangu mdogo wa siku 19. Picha uliyonitumia saa saba za usiku niliipata. Simu hii imekwisha kupokea picha za harusi, za misiba na za viwanja vinavyouzwa, lakini ya nepi iliyofunuliwa, yenye choo cha kijani kilichokutisha, ilikuwa ya kwanza, na wala sikushangaa, kwa kuwa ningekuwa na simu ya namna hiyo mwaka 1996 nilipokuzaa, marehemu bibi yako asingelala. Nimeona nikuandikie, maana tulipozungumza ulikuwa unalia, na haya ninayotaka kukueleza yanafaa kusomwa zaidi ya mara moja.

Choo cha mtoto hupata rangi yake kutokana na nyongo, ambayo hutengenezwa na ini na kumiminwa utumboni ili isaidie kusaga mafuta yaliyomo katika maziwa. Nyongo yenyewe ni ya kijani, na kadiri inavyokawia utumboni ndivyo inavyogeuka kuwa ya manjano na kisha ya kahawia. Siku ya kwanza ulikiona choo cheusi kinachonata kama lami, mkunga akakuambia ndivyo kinavyotakiwa; dang'a ilipopisha maziwa kamili kikaanza kuwa cha kijani kilichofifia, na kufikia siku ya tano kikawa cha manjano, chepesi, chenye punje kama mbegu. Hicho ndicho choo cha mtoto anyonyaye, na hata kikitoka kila amalizapo kunyonya hakiitwi kuharisha. Sasa ziko siku ambazo utumbo unakuwa na haraka, nyongo ikapita kabla haijageuka, nawe ukifungua nepi unakutana na kijani. Ikiwa mtoto ananyonya kwa nguvu, analowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki, basi mtawaze, umbadilishe, ulale.

Rangi ninayotaka uiogope ni ile ambayo hakuna aliyekutajia. Sisi jambo likiharibika husema limetumbukia nyongo, lakini katika choo cha mtoto mambo ni kinyume: ni pale nyongo inapokosa kutumbukia ndipo pana hatari. Zamani tulipokuwa tukipanga, nyumba ya pili palikuwa na mama aliyejifungua mtoto wa kike miezi michache kabla yako. Choo cha mtoto yule kilikuwa cheupe kama chokaa iliyokorogwa, na sisi wanawake tuliokwenda kumpongeza mzazi tulikisifu kuwa ni kisafi, tukasema ni maziwa matupu. Macho yake yalikuwa ya manjano, na mkojo wake, ambao kwa mtoto mchanga hutakiwa usiwe na rangi ya kuonekana, uliacha madoa kwenye winda. Zahanati alikopelekwa walisema aanikwe jua la asubuhi, na alianikwa kweli, wiki baada ya wiki. Alipofikishwa hospitali kubwa alikuwa ameingia mwezi wa nne na tumbo limevimba. Mirija inayotoa nyongo kwenye ini ilikuwa imeziba. Hakutimiza miaka miwili, nami mpaka leo nikikumbuka yale maneno yetu ya "kisafi" naona haya.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba daktari wa Japani, Morio Kasai, alibuni katika miaka ya 1950 upasuaji wa kuunganisha utumbo moja kwa moja na ini kwa watoto wa namna hiyo, na kwamba upasuaji huo hufaa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Taiwani tangu mwaka 2004 kila mzazi hupewa kadi ya rangi ili alinganishe na nepi nyumbani kwake. Sisi tunayo arobaini, ambayo naipenda na nitakuja kukusaidia kuitimiza, lakini hebu piga hesabu mwenyewe: mtoto akifungiwa ndani siku 40 bila mtu wa kumtazama macho, katika zile 60 zimebaki 20. Kwa hiyo manjano ya machoni ikivuka siku 14 tangu kuzaliwa, mtoto hupelekwa kupimwa damu, na choo kikiwa cheupe, cha kijivu kama udongo wa mfinyanzi au kilichopauka kama unga, huendi kesho, unakwenda leo.

Nyongo hiyo hiyo ikitokea mdomoni ni habari nyingine. Mtoto akicheua maziwa begani mwako ni jambo la kufua kanga tu. Akitapika kijani, maana yake huenda njia ya chini imefungwa au utumbo umejisokota, na hapo ni hospitali usiku huo huo. Hali kadhalika mtoto wa miezi kadhaa anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu, akatulia, akalia tena, kisha akatoa kamasi yenye damu kama jeli nyekundu, kwani utumbo unaweza kuwa umejiingiza ndani ya utumbo. Uzi mdogo wa damu mara nyingi hutokana na mchubuko wa njia ya haja, au chuchu yako iliyopasuka akaimeza damu yako mwenyewe. Hata hivyo mwonyeshe muuguzi.

Kuhusu kulia kwake jioni na kujikamua mpaka uso kuwa mwekundu, najua mama mkwe wako amekwisha kusema ni mchango. Mheshimu, mwitikie, lakini asimpe maji ya majani wala asimtie kipande cha sabuni; kabla ya miezi sita maziwa yako yanamtosha. Akivuka wiki ya sita anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikitoka laini hakuna tatizo.

Kuharisha kwa kweli utakutambua, kwani choo huwa maji matupu na huongezeka ghafla kuliko desturi yake. Wewe kulikupata ukiwa na miezi saba. Jirani akakufungua mdomo, akasema una meno ya plastiki ndiyo yanayokuharisha, na fundi wa kuyang'oa alikuwa amekwisha kuitwa. Baba yako, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kubisha, alisimama mlangoni na kusema mwanawe hachokolewi fizi na msumari. Tulikwenda hospitali, utosi wako ukiwa umebonyea, nikakunywesha maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, kwa kijiko usiku kucha huku nikikunyonyesha. Siku hizi huongezwa zinki, na chanjo ya rota ya kukinga kuharisha, ambayo kwetu ilianza kutolewa mwaka 2013, huanza wiki ya sita, usiikose. Utosi ukibonyea, macho yakizama, mkojo ukipungua au akikataa titi, hicho si kisa cha mganga. Na kwa umri wake wa sasa, homa peke yake inatosha kukutoa nyumbani.

Narudi kwenye picha yako. Uliipiga chini ya ile taa yenu ya samawati, na chini ya taa hiyo hata kanga yangu nyekundu ilionekana zambarau nilipokuja mwezi wa nne. Kesho asubuhi, nepi ya kwanza, itoe uani uitazame kwenye mwanga wa jua, kisha umpeleke mtoto dirishani, umfumbue jicho taratibu uangalie weupe wake. Uniandikie ulichokiona kabla sijapanda basi la Ijumaa.

Wako akupendaye,
Mama