Jela za Marekani nazijua, ya Manyani siijui

Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Voi, nasomea diploma ya mambo ya uhalifu, korti na magereza. Chuo chetu ni kidogo, vyumba vinne tu juu ya duka la hadwea, na huko chini wakianza kukata vyuma lekchara ananyamaza mpaka wamalize ndio aendelee. Hilo sina shida nalo. Kinachonikera ni yale tunayofundishwa.

Muhula uliopita swali la kwanza la mtihani lilitaka tutofautishe jela ya kaunti na gereza la jimbo. Hayo ni ya Marekani. Kule sherifu wa kaunti ana jela yake ya kuweka wanaongoja kesi na wale wa vifungo vifupi, kawaida visizidi mwaka, halafu wenye miaka mingi wanapelekwa gereza la jimbo. Nilijibu vizuri sana. Naweza pia kukuambia bila kufungua daftari kwamba gereza la Auburn kule New York wafungwa walifanya kazi pamoja mchana kutwa bila ruhusa ya kuongea, na Philadelphia wakafungua lao 1829 ambalo kila mtu alikaa peke yake chumbani ati atubu. Paroli, ile ya mfungwa kuachiliwa mapema kwa masharti, ndio usiseme, kurasa na kurasa, bodi inakaaje, masharti ni yapi, nani anahojiwa. Sasa hapa kwetu hiyo bodi ya paroli iko wapi jamani?

Halafu binamu yangu akashikwa. Walipigana baa, mtu akaumia, akakubali makosa. Hakimu hakumfunga siku hiyo, alisema iletwe ripoti kwanza. Baada ya siku chache akaja mtu nyumbani na faili kwapani, akauliza kijana anaishi na nani, anafanya kazi gani, majirani wanamwonaje, na shangazi yangu kwa uoga akajua huyo ni CID tu, akamwambia mimi huyo kijana simwoni sana, hata hapa halali. Kumbe ni afisa wa urekebishaji tabia, yule wa probesheni, amekuja kuangalia kama mtu ana nyumba ya kurudi! Ripoti ikafika kortini ikisema makao yake hayaeleweki, binamu akapigwa miezi 18. Na sheria ya kutumikia jamii iko tangu 1998, hakimu akiona kosa linastahili kifungo cha miaka mitatu kushuka chini anaweza kumpa mtu kazi ya umma bila malipo, afyeke, azibue mitaro, jioni alale kwake. Sisemi lazima angepewa, mtu aliumia na hiyo si mchezo. Lakini hata kufikiriwa hakufikiriwa sawasawa, na siku ile mgeni anaongea na shangazi sebuleni mimi nilikuwa chumba cha pili nasoma mambo ya Auburn.

Tulipotoka korti shangazi akaniuliza, "Si wewe ndio unasomea haya mambo, baba? Atatoka lini?" Nikaanza kueleza ati inategemea. Mama mmoja anayeuza viazi karai hapo nje akanikata: "Toa thuluthi mwanangu, akikaa vizuri ni mwaka mmoja." Nikaenda kutafuta kwa simu nikakuta ni kweli, Sheria ya Magereza, Sura ya 90, kifungo kikizidi mwezi mmoja mfungwa mwenye bidii na tabia nzuri anaweza kupunguziwa thuluthi, isipokuwa wa maisha na wengine wachache. Mama wa viazi anajua, mimi nimelipa karo ya mwaka mzima na sijui.

Nilimwendea mkuu wa chuo kwa heshima zote. Akaniambia handauti ndio hiyo na mtihani unatoka humo humo. Hiyo handauti imetolewa intaneti, hata faini bado ziko kwa dola.

Na wenzangu wengi darasani hawana habari, wao wanataka kuwa askari jela. Nawauliza mmewahi kuona vile watu wanaandikwa? Unavua shati, unapimwa urefu, unaangaliwa meno, unakimbizwa uwanja mzima, ukipita unapelekwa chuo cha magereza cha Ruiru kufunzwa upya. Hakuna anayekuuliza Philadelphia walifungua gereza mwaka gani. Wakati huo huo gereza la Kamiti kuna wafungwa waliosomea sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani, wakawa wanaandikia wenzao rufani. Hao wakija kutufundisha hata wiki moja tu nitakaa kiti cha mbele.

Ninachoomba si kikubwa. Hizi Auburn ziwe somo la wiki mbili, zisiwe kozi nzima. Tuanze na Sura ya 90, tufuate hiyo sheria ya 1998, tukae nyuma ya korti ya Voi asubuhi kadhaa tuone watu wanavyohukumiwa, na kama kuna afande mstaafu hapa mtaani aitwe aongee, chai tutachanga. Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, nayo itafutiwe ofisi za probesheni maanake mwaka jana mwenzetu mmoja aliimalizia kwa kampuni ya walinzi akifungua geti la supamaketi. Manyani yenyewe iko hapo tu barabara ya kwenda Nairobi, wazee wanaikumbuka kama kambi ya kufungia watu wa Mau Mau miaka ya hamsini, matatu haimalizi hata saa moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupelekwa.

Wiki ijayo shangazi anaenda kumwona binamu na ameniomba nimsindikize. Itakuwa mara yangu ya kwanza kupita geti la jela. Nilitaka kubeba daftari lakini naambiwa linabaki nje pamoja na simu.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili,
Voi