Kiwanja cha Pongwe kisubiri kidogo

Worcester, Massachusetts
Aprili 2025

Shoga yangu Mama Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, baridi tu ndiyo bado inajivuta. Picha za barua ya kile chuo kidogo cha binafsi cha huku Marekani kilichompokea Zuhura nimezipata, na ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, vigelegele vya shangazi mtu vikiwemo. Hongera sana. Mtoto kasoma, hilo halina ubishi, na yote nitakayoandika hapa hayamgusi yeye. Yanakigusa chuo.

Umesema Baba Zuhura amekwisha pata mteja wa kile kiwanja cha Pongwe mnachotaka kukiuza ili kumlipia ada. Mwambie asubiri kidogo. Tarehe ya mwisho ya kulipa amana ni mosi Mei, bado tuna muda wa kuulizana.

Kwanza zile dola 28,000 mnazoziita ufadhili. Hakuna tajiri wala shirika lililozitoa. Chuo kimetangaza ada ya 44,000 halafu chenyewe kikapunguza. Si utapeli, vyuo binafsi karibu vyote vya huku vinafanya hivyo, na kwa wastani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapunguziwa zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa. Ni kama muuza kanga anayetaja elfu thelathini huku akijua utampa kumi na tano. Zuhura ana akili, ndiyo, lakini ukubwa wa punguzo lile unaweza kuwa habari ya chuo kuliko habari yake. Chuo chenye watu mlangoni hakina haja ya kushusha bei namna hiyo.

Na watu mlangoni wamepungua kweli. Watoto waliozaliwa Marekani mwaka 2007 walikuwa wengi kuliko mwaka wowote, zaidi ya milioni nne. Mwaka 2008 uchumi ukaanguka, uzazi ukashuka, na haujarudi pale tena. Hesabu mwenyewe, wale wa 2007 wanatimiza miaka kumi na minane mwaka huu. Vyuo vidogo vinavyoishi kwa ada tu vimeliona hilo zamani, ndiyo maana barua pepe zinafika mpaka Tanga kutoka kwenye miji ambayo hata mimi ninayeishi huku sijawahi kuisikia.

Sasa nikupe mambo ya jirani hapa. Newton, si mbali sana kwa gari kutoka kwangu, kulikuwa na chuo kinaitwa Mount Ida. Mwezi Aprili 2018 kikatangaza kinafunga mwisho wa muhula uleule. Kiliwahi kujaribu kuungana na chuo jirani, mazungumzo yakavunjika, na kiwanja na majengo vikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Massachusetts. Wanafunzi wakaambiwa nafasi zipo kwenye tawi la chuo kikuu hicho lililoko mji wa Dartmouth, mbali na pale, na kozi nyingine huko hazikuwepo. Waliokishitaki walidai chuo kilijua hali yake ya fedha kikanyamaza huku kikiendelea kupokea watu. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakubali kesi ifutwe. Yaani kwa sheria ilivyosomwa pale, chuo hakikuwa na wajibu wa kumwambia mwanafunzi kwamba mfuko umetoboka. Jimbo letu limetunga sheria mwaka 2019 ili vyuo vyake vikaguliwe hali ya fedha kila mwaka, lakini chuo cha Zuhura hakiko Massachusetts.

Philadelphia ilikuwa mbaya zaidi. University of the Arts ilitangaza tarehe 31 Mei 2024 kwamba inafunga tarehe 7 Juni. Wiki moja! Watu wengi wa chuo chenyewe waliisoma habari gazetini.

Mzazi wa Kimarekani likimkuta hilo analia, anafuta machozi, mtoto analala nyumbani, na mkopo wa serikali aliochukua anaweza kuomba ufutwe. Zuhura hana mkopo huo, wageni hawapewi. Na visa yake ya mwanafunzi, ya F-1, imefungwa kwa chuo. Chuo kikifa, lazima apate kingine chenye kibali cha kupokea wageni, rekodi yake ya uhamiaji ihamishiwe huko, apewe fomu mpya ya I-20, ile ya chuo kuthibitisha kwamba kimempokea mwanafunzi mgeni, na ninyi muonyeshe upya kwamba mna fedha za kumsomesha, safari hii kwa bei ya hicho chuo kipya. Punguzo la zamani halimfuati. Hapo ndipo moyo wangu unapokwama, maana kiwanja kitakuwa kimekwisha kuuzwa.

Sasa nilichofanya. Unajua kazi yangu ni vitabu vya hesabu, siwezi kuona jina la taasisi nisiifungulie mizania. Chuo binafsi kisicho cha faida hupeleka fomu inaitwa 990 kwa watu wa kodi, na fomu ile ni ya wazi, yeyote anaisoma bure mtandaoni kwenye ukurasa unaoitwa Nonprofit Explorer wa shirika la habari la ProPublica. (Baadhi ya vyuo vya makanisa vimesamehewa, hiki hakimo.) Ukurasa wa kwanza tu unatosha kuanzia. Mstari wa 12 ni mapato yote, wa 18 matumizi yote, wa 19 ni kilichobaki, na mwaka uliotangulia umeandikwa pembeni yake. Mstari wa 19 wa chuo cha Zuhura una alama ya kutoa kwa miaka mitatu mfululizo, na kila mwaka shimo linakua. Mwaka mmoja wa hasara nisingekuandikia barua, masoko ya hisa yakiyumba hata wakubwa wanaonyesha hasara. Mitatu, tena ikizidi, ni tabia.

Utaniambia chuo kina mfuko wa wakfu, wameuandika kwa herufi kubwa kwenye kitabu chao. Upo. Lakini wakfu wa huku una masharti kama wakfu wetu, aliyetoa kwa ajili ya kisima hujengi paa. Mwaka 2015 Sweet Briar, chuo cha wasichana kule Virginia, kilitangaza kufunga kikiwa na wakfu wa zaidi ya dola milioni 80, kwa sababu sehemu kubwa haikuguswa kwa mishahara na umeme. Kilipona kwa sababu wahitimu wake walikuja juu, wakachanga mamilioni na kwenda mahakamani, na mpaka leo kipo. Siwezi kukuahidi kwamba wahitimu wa chuo chetu wana nguvu hizo. Kwenye 990 kuna jedwali D linaloonyesha ni asilimia ngapi ya wakfu imefungwa moja kwa moja. Ya hawa imefungwa karibu yote.

Wizara ya Elimu ya Marekani nayo huvipa vyuo binafsi alama za fedha, kuanzia kutoa 1 hadi 3, na 1.5 ndiyo ya kupita. Hawa wana 1.6. Wamepita, lakini alama hizo hutoka zikiwa zimechelewa, na hasara ya mwaka jana haimo. Ithibati yao nimeiangalia, iko salama, hawajawekwa kwenye uangalizi.

Kwa hiyo sisemi kitafunga. Vyuo vingi vinakaa na hasara miaka kumi, na madarasa yao madogo yana walimu wanaomjua mtoto kwa jina, jambo ambalo chuo cha watu elfu arobaini hakikupi. Lakini kuweka ardhi yote ya familia juu yake, hapana. Mimi nisingeweka.

Zuhura aandike barua pepe kwa ofisi ya udahili, kwa adabu, aulize: mwaka wa kwanza mliopokea Septemba iliyopita walikuwa wangapi, na mlitarajia wangapi? Mkifunga, mna mkataba na chuo gani cha kuwamalizia wanafunzi masomo, na kitaheshimu punguzo langu? Hili la pili asiliache. Wakijibu kwa namba, nitasema mengine. Wakimtumia picha za ukumbi mpya wa mazoezi, basi huo ukumbi pia nimeuona kwenye 990, uko upande wa madeni.

Kile chuo kingine, cha serikali, kilichompa punguzo dogo msikijibu hapana bado. Na cheti chake cha kidato cha sita hakiozi, dirisha la udahili la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu ya huko nyumbani, litafunguliwa kama kila mwaka.

Mpe Baba Zuhura simu Jumamosi baada ya alasiri ya huko, nitakuwa nimeamka, tuongee watatu. Nisalimie Bi Mkubwa, mwambie ile dawa ya magoti nimempata mtu wa kumletea mwezi wa sita.

Wako,
Mama Idrisa