Kuhusu joto lililopanda mgongoni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unasema kwamba siku ya sita ya mafunzo ya chigongi, yale mazoezi ya Kichina ya pumzi na nia, ukiwa umeketi na macho yamefumbwa nusu, ulisikia joto likianza chini ya kitovu, likazunguka nyuma na kupanda uti wa mgongo hadi utosini, nawe ukatokwa na machozi bila huzuni yoyote. Unasema pia kwamba mwalimu wako alikuwekea kiganja karibu na mgongo bila kukugusa ukasikia msukumo, na kwamba mwenzenu mmoja aliyeuliza jambo hilo linawezekanaje alijibiwa kuwa shaka huziba njia za chi, ile nguvu ya uhai inayosemwa kuzunguka mwilini. Mwishoni, kwa ile sauti ya kujihami niliyoizoea tangu ukiwa mdogo, umeniuliza kama nitakucheka.

Sitakucheka. Kwa miaka 18 sasa nimekuwa nikiketi karibu kila siku kabla hakujapambazuka, katika kile chumba ambacho mlikatazwa kukiingia asubuhi kwa kisingizio kwamba mama anaumwa kichwa. Sikuwa nikiumwa kichwa, nilikuwa nikipumua. Niliificha habari hiyo kwa sababu niliona haya, na haya yenyewe yalikuwa ya namna mbili: niliwaonea haya wasioamini kwa kuwa nilikuwa nikifanya mambo ya Watao, wafuasi wa dini na falsafa ya kale ya China, na nikawaonea haya wanaoamini kwa kuwa nilikuwa nikiyafanya huku nina shaka.

Nilianza kwa sababu ya kukosa usingizi. Mtu mmoja wa kazini alinipa kurasa chache za maelekezo: keti wima, gusisha ncha ya ulimi kwenye kaakaa, pumua polepole hadi tumbo lijae, kisha weka nia yako mahali palipo chini ya kitovu kwa upana wa vidole vitatu, mahali ambapo Watao hupaita dantiani ya chini. Kurasa hizo zilitaja siku 100 za kuweka msingi, istilahi ambayo ni ya Watao kweli, nami kwa ukaidi nikaamua kuzihesabu. Kwa zaidi ya mwezi mmoja sikupata chochote ila ganzi ya miguu na orodha ya kazi za ofisini iliyokuwa ikijisoma yenyewe kichwani. Kisha asubuhi moja joto likaja. Halikuwa la homa wala la jua. Lilikuwa kama la kikombe cha maji moto kilichofunikwa kwa kitambaa, limetulia mahali pamoja, na baada ya muda viganja vikaanza kunyevua kana kwamba sisimizi wanapita chini ya ngozi. Nilipovisogeza viganja hivyo karibu karibu vikasukumana kama sumaku mbili zilizoelekezwa vibaya. Nilifurahi hadi nikapotewa na hesabu ya pumzi.

Lugha yetu husema mtu anasikia baridi, anasikia njaa, anasikia maumivu, kwa kitenzi kile kile tunachokitumia kwa sauti, na nadhani imetuwekea hapo jambo la maana. Ukisikia kishindo usiku, kishindo kipo. Hakuna mwenye haki ya kukuambia kwamba hukukisikia. Lakini kusikia kishindo hakukuambii kama ni mwizi, paka au mlango uliosahauliwa wazi. Joto lako la siku ya sita ni kishindo, nami nakuamini kwa asilimia zote. Kwamba ni chi iliyofungua njia ni habari ya aliyekisababisha, na habari hiyo hukuisikia mwilini bali uliambiwa.

Mimi nilikwenda kumtafuta aliyesababisha joto langu. Nilinunua kipimajoto kidogo, nikakifunga kwenye kidole cha kati kwa utepe wa karatasi, nikaketi kama kawaida nikiielekeza chi viganjani. Kidole kilianza kwenye nyuzi 31 na baada ya dakika 20 kilikuwa karibu nyuzi 34. Nikaona ajabu, na kwa siku mbili nilijiona mtu wa daraja fulani. Siku ya tatu nikafanya jambo ambalo mwalimu wako asingelipenda: niliketi vile vile, lakini badala ya kuwaza chi niliwaza kwamba mikono yangu imo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Kidole kikapanda vile vile. Baadaye nilijifunza kwamba neva zinapotulia, mishipa midogo ya mikononi hutanuka na damu yenye joto ikafika hadi vidoleni, na kwamba daktari wa Ujerumani, Johannes Heinrich Schultz, alichapisha mwaka 1932 mazoezi yanayomfundisha mtu kujirudia moyoni kuwa mkono wake ni mzito na una joto, hadi akasikia hivyo hasa, bila kutaja chi hata mara moja. Kuhusu viganja vinavyosukumana, Mwingereza William Carpenter alikwisha kueleza mwaka 1852 jinsi matarajio ya mtu yanavyoweza kuitikisa misuli yake bila yeye kukusudia wala kujua.

Nitakuomba ulitazame pia neno lenyewe, maana nusu ya mkanganyiko imejificha humo. Chi kwa asili yake ni pumzi, mvuke, kitu kinachoenea kati ya mbingu na viumbe. (Ile chi ya tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, kwa taarifa yako, ni neno jingine kabisa, yamefanana tu yalipoandikwa kwa herufi zetu.) Kulitafsiri kwa neno nishati ni desturi ya juzijuzi, na tafsiri hiyo huliazima neno hilo heshima ya fizikia bila kulipa gharama yake, kwa kuwa nishati ya fizikia hupimwa kwa jouli na ikihama mahali huacha alama. Nalo neno dantiani maana yake ni shamba la dani, na dani ni sinabari, yale madini mekundu yanayotoa zebaki. Kabla ya Watao kuigeuza alkemia yao kuwa kazi ya ndani ya pumzi na nia, walikuwepo waliochemsha sinabari yenyewe ili wapate dawa ya kuishi milele, na watawala kadhaa wa nasaba ya Tang ya China waliinywa. Mfalme Wuzong, aliyefariki mwaka 846 akiwa bado kijana, huhesabiwa miongoni mwa walioangamizwa na dawa hizo. Kwa hiyo kila unapoweka nia chini ya kitovu unaweka nia mahali palipopewa jina la sumu ambayo watu wenye akili waliinywa kwa imani. Silisemi hili kwa kejeli. Ninaiheshimu zaidi mila hiyo kwa kuwa ilijifunza kuacha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikutaka kulikumbuka. Katika mwaka wangu wa nne nilijiunga na kikundi, na mwalimu wa hapo alitufundisha kuizungusha chi kutoka mkiani kupitia malango matatu ya mgongoni hadi kichwani, kisha kuishusha kwa mbele. Mzunguko mdogo, ndio uleule ulioufanya wewe. Nikaanza kusikia mgandamizo kisogoni, lilipo lango la tatu. Nilipomweleza alifurahi, akaniambia kwamba lango linabishana na chi na kwamba nisilegee. Sikulegea. Kwa wiki saba niliamka na kisogo kilichobanwa kama kwa koleo, nikikihesabu kama cheti, hadi siku nilipoona viluwiluwi vya mwanga machoni nikaenda zahanati. Muuguzi alipima mara mbili, kisha akamwita mwenzake apime mara ya tatu: 170 kwa 105. Lile lango lilikuwa shinikizo la damu. Vidonge vidogo vyeupe ninavyovimeza kila usiku, ambavyo mmezoea kunitania navyo, vilianza hapo.

Yule mwalimu hakuwa mwongo. Ningependa uliamini hilo, maana ukingoja kukutana na mwongo ndipo uwe na tahadhari utangoja sana. Aliamini alichokisema kuliko nilivyokiamini mimi. Huko China kwenyewe, vuguvugu la chigongi la miaka ya 1980 liliwavuta mamilioni ya watu, na miongoni mwa walioziunga mkono habari za nguvu zisizo za kawaida alikuwemo Qian Xuesen, mwanasayansi aliyeijenga programu ya makombora ya nchi hiyo. Haya yote yalikuja baada ya mwaka 1979, magazeti ya Sichuan yalipotangaza habari za mvulana aliyedaiwa kusoma maandishi kwa masikio. Elimu haikumkinga Qian, nami sina hakika kama ingenikinga mimi.

Ama kiganja cha mwalimu wako, hapo ndipo nina neno la kusema bila kusitasita, kwa sababu dai hilo halikai ndani ya mwili wa mtu mmoja. Limetoka nje, na kilichotoka nje kinapimika. Mwaka 1988 kikundi cha wachunguzi kutoka Marekani na Kanada, akiwemo James Randi, mwanamazingaombwe aliyezoea kufichua hila za wenye kudai miujiza, kilikwenda China na kumweka bingwa wa kutuma chi katika chumba kimoja na mgonjwa wake katika kingine. Mgonjwa alijitikisa sana, lakini kujitikisa kwake hakukufuatana na nyakati ambazo bingwa alikuwa akituma. Miaka 10 baadaye jarida la madaktari la Marekani lilichapisha jaribio la msichana aitwaye Emily Rosa, aliyekuwa na umri wa miaka 9 alipolianza: waganga 21 waliodai kuhisi nishati ya mwili wa mtu walipitisha mikono chini ya kizuizi, naye akaweka kiganja chake juu ya mkono mmojawapo, wa kulia au wa kushoto, kwa kufuata sarafu iliyorushwa. Katika majaribio 280 walipatia asilimia 44, chini ya kile ambacho mtu angekipata kwa kubahatisha tu.

Utakumbuka kwamba nasi tulilifanya jaribio hilo. Ulikuwa na miaka 10, ukadhani ni mchezo niliouzua ili uache kunisumbua siku ya mvua. Nilikata matundu mawili kwenye boksi la kadibodi, nikapitisha mikono, nawe ukawa unarusha sarafu na kuweka kiganja chako kidogo juu ya mkono mmoja bila kuugusa, halafu unaniuliza, "Kulia au kushoto?" Nilisikia kitu kila mara, mwanangu. Kila mara, waziwazi, na mara nyingine kwa nguvu kiasi kwamba ningeapa. Katika mara 40 nilipatia 19. Ulicheka sana ukaenda kucheza, nami nikabaki nimeshika boksi.

Ndiyo maana ile kauli ya kwamba shaka huziba njia imenikera kuliko kila kitu kilichomo katika barua yako. Ni kauli iliyotengenezwa ili isishindwe: ukisikia, chi ipo, usiposikia, kosa ni lako. Kama shaka ingekuwa inaziba njia, mimi nisingesikia chochote kwa miaka hii yote, na ukweli ni kwamba nasikia zaidi sasa kuliko nilipokuwa naamini. Tena kauli hiyo ina hatari yake, kwa kuwa yapo madhara ambayo Wachina wenyewe waliyapa jina zamani wakisema moto umekwenda kombo na mashetani yameingia, na mwaka 1994 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliyaorodhesha pia. Ukianza kukosa usingizi kwa siku mfululizo, kusikia sauti, au joto hilo likawa linapanda bila wewe kuliita, acha mara moja, umwone daktari, na usimngoje mwalimu akupe ruhusa.

Utauliza kwa nini basi bado naketi. Nina majibu machache ya kawaida. Pumzi ikishuka hadi kama sita kwa dakika, moyo na shinikizo la damu hupatana vizuri zaidi, na usingizi wangu umerudi. Tai chi nayo ilijaribiwa kwa wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, na baada ya wiki 24 waliojifunza tai chi walikuwa na uwezo mzuri zaidi wa kujisawazisha kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Hayo si machache kwa kitu kisichohitaji kifaa chochote. Lakini jibu langu halisi si hilo. Watao wa kale wana zoezi waliloliita kuketi na kusahau, ambalo halikukusanyii hisia wala halikupandishi daraja, na mara tatu au nne katika miaka 18 nimeketi hadi sikuweza kusema mwili wangu unaishia wapi na chumba kinaanzia wapi. Sina maelezo ya jambo hilo. Sijayatafuta kwa kipimajoto, na nakiri kwamba sina haraka ya kuyatafuta, jambo ambalo wewe, kwa jinsi nilivyokulea, una haki ya kunihoji.

Umesema utapata likizo mwezi ujao. Njoo, tuketi pamoja alfajiri; mlango hautafungwa tena. Lile boksi lenye matundu mawili bado ninalo juu ya kabati, limepinda kidogo upande mmoja. Safari hii mikono itakuwa yako, na sarafu nitairusha mimi.

Nakupenda,
Mama yako